Kompyuta Mpya na Taabu ya Siku ya Kwanza Katika Intaneti

Kompyuta ni chombo kinachopokea taarifa, kuzishughulikia kwa kufuata maagizo, na kutoa matokeo. Maagizo hayo ndiyo yaitwayo programu. Aghalabu mtu anunuapo kompyuta hudhani kwamba amenunua kitu kilichokamilika, mithili ya cherehani au redio, kisichohitaji zaidi ya umeme na mtu wa kukitumia. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha masikitiko mengi. Kompyuta itakayounganishwa na intaneti haikamiliki kiwandani. Hukamilishwa na mwenyewe, mahali alipo, na kwa gharama yake. Katika makala haya tutaeleza kwa nini ni hivyo, na namna mwalimu na wanafunzi wanavyoweza kuipunguza taabu hiyo kwa kutumia hesabu na fizikia wanayofundishwa darasani.

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari katika mwambao wa Mkoa wa Tanga, tuseme kati ya Muheza na Pangani. Shule imepata kompyuta 20. Mwalimu anazitoa masandukuni siku ya Jumamosi ili wanafunzi wazitumie Jumatatu. Kila moja, kabla haijafunguka, inadai iunganishwe na intaneti. Mwalimu ananunua kifurushi cha simu na kuzigawia. Ifikapo jioni kompyuta 2 tu ndizo zilizo tayari, kifurushi kimekwisha, na moja kati ya hizo 2 inatoa onyo kwamba tovuti inayojulikana na watu wote si salama. Mwalimu anazifunika vitambaa na kufunga mlango.

Hapo hakuna kilichoharibika. Kila jambo lililomtaabisha mwalimu huyo lina sababu inayoelezeka. Lakini madhara yake si madogo. Mwanafunzi wa leo hutazama matokeo ya mtihani, huomba nafasi ya chuo na huomba mkopo wa masomo kwa njia ya intaneti, na maombi hayo yana siku ya mwisho. Chumba cha kompyuta kikibaki kimefungwa, mwanafunzi wa kijijini hulazimika kupanda gari hadi mjini na kumlipa mtu amjazie fomu yake, pamoja na kumpa siri zake zote.

PROGRAMU HUZEEKA ZIKIWA SANDUKUNI

Kompyuta inapotoka kiwandani huwa imewekewa programu zilizokuwapo siku hiyo. Kisha husafiri melini, hukaa ghalani, na hukaa dukani. Miezi kadhaa yaweza kupita. Katika muda huo watengenezaji wa programu wanaendelea kugundua kasoro katika kazi yao, na baadhi ya kasoro hizo ni kama dirisha lisilo na komeo: mtu mwovu aweza kupitia humo akaiba au akaharibu. Kila kasoro inapogunduliwa hutolewa kiraka, nacho huitwa sasisho. Kampuni ya Microsoft, kwa mfano, tangu Oktoba 2003 hutoa masasisho yake kila Jumanne ya pili ya mwezi. Kwa hiyo kompyuta iliyokaa sandukuni miezi 8 huwa nyuma kwa mafungu 8 ya viraka siku ile inapowashwa.

Wako wanaosema kwamba masasisho ni ulaji wa vifurushi tu, na kwamba ni bora kuyazima kabisa. Historia inawajibu. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba kasoro moja ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, yaani siku 59 baadaye, programu haribifu iliyopewa jina la WannaCry ilienea kwa kupitia kasoro hiyo hiyo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika, zikiwamo za hospitali nyingi za Uingereza. Kiraka kilikuwapo, waliodhurika ni wale ambao hawakukipachika.

Jambo jingine ni akaunti. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, katika toleo lake la nyumbani hudai intaneti na akaunti wakati wa kuanzishwa. Aliyeipanga hivyo alimfikiria mnunuzi ambaye intaneti iko nyumbani mwake saa zote, kama maji ya bomba. Kwa shule inayonunua intaneti kwa kipimo, sharti hilo huwa kizingiti cha kwanza. Tena, mara nyingi kompyuta huja na programu za majaribio zilizowekwa na muuzaji, ambazo nazo hujisasisha, hutoa matangazo na kudai malipo baada ya siku chache. Hizo si sehemu ya lazima ya chombo, na zaweza kuondolewa bila hofu.

HESABU YA KIFURUSHI

Sasa tuikokotoe taabu ya Jumamosi ile. Yafaa kwanza kutofautisha vipimo viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, bali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti au gigabaiti. Baiti 1 ni biti 8. Anayesahau namba hiyo 8 hutarajia kazi imalizike kwa dakika 30, kumbe itachukua saa 4.

Tuseme masasisho ya kompyuta moja yana ukubwa wa gigabaiti 4, na kasi inayopatikana ni megabiti 2 kwa sekunde. Gigabaiti 4 ni sawa na gigabiti 32, yaani megabiti 32,000. Ukigawanya kwa 2 unapata sekunde 16,000, ambazo ni saa 4 na dakika 27 hivi. Hiyo ni kompyuta moja. Kompyuta 20 zikipokea masasisho hayo kila moja peke yake zitahitaji gigabaiti 80 na sekunde 320,000, yaani takribani saa 89, usiku na mchana, karibu siku 4 mfululizo. Hakuna kifurushi cha kawaida cha simu kitakachostahimili mzigo huo. Hata zikiwashwa zote kwa pamoja muda haupungui, kwa kuwa zinagawana kasi ileile.

Lakini tuitazame hesabu hiyo kwa upande mwingine. Kompyuta moja tu ikipokea masasisho kutoka nje, kisha ikawapa wenzake kupitia waya wa mtandao wa ndani wenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, kila kompyuta itahitaji 32,000 kugawanya kwa 100, yaani sekunde 320, au dakika 5 na sekunde 20. Mtandao wa ndani hauli kifurushi hata kidogo. Windows ina kipengele kinachoziruhusu kompyuta zilizo katika mtandao mmoja wa ndani kupeana vipande vya masasisho, na Linux nayo huweza kuwekewa ghala la programu katika kompyuta moja ya shule ili nyingine zichote humo. Kwa vitendo muda huongezeka kidogo, maana kompyuta haipokei tu bali pia hupanga na kuhakiki. Hata hivyo tofauti kati ya siku 4 na saa chache inabaki palepale.

MELI NA TISHARI

Watu wa Tanga wanaijua vizuri bandari yao. Kwa miaka mingi, kabla kina chake hakijaongezwa katika miaka hii ya karibuni, meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na shehena ikaletwa ufukoni kwa matishari. Meli yaweza kuwa kubwa kupindukia, lakini kasi ya kupakua ilikuwa ile ya tishari. Intaneti nayo ina meli na matishari yake.

Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya intaneti kati ya Tanzania na nchi za mbali yalitegemea zaidi setilaiti. Setilaiti ya aina iliyotumika huwa juu ya ikweta kwa kimo cha karibu kilometa 36,000. Ishara hupanda na kushuka, jumla kilometa 72,000. Jibu nalo hurudi kwa njia hiyohiyo, na hivyo safari nzima ni kilometa 144,000. Kwa mwendo wa mwanga wa kilometa 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuatiwa na ule wa EASSy. Ndani ya uzi wa kioo wa mkongo mwanga huenda polepole zaidi, karibu kilometa 200,000 kwa sekunde, lakini njia ni fupi. Tukichukulia njia ya kilometa 10,000 hadi Ulaya, kwenda na kurudi ni kilometa 20,000, nazo huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kutoka Dar es Salaam, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano huyapeleka mawasiliano mikoani.

Hiyo ndiyo meli. Tishari ni kile kipande cha mwisho, kutoka mnara wa simu hadi kompyuta ya shule. Mnara huo hugawana uwezo wake kati ya watu wote walio karibu nao, ndiyo maana kasi ya saa 2 usiku, wakati kila mtu yuko simuni, si sawa na ile ya saa 10 alfajiri. Mwalimu akiona kasi imeanguka, asikimbilie kuilaumu kompyuta mpya.

Wakati mwingine meli yenyewe hukwama. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini, na intaneti ikadhoofika sana Tanzania na katika nchi jirani. Aliyewasha kompyuta mpya siku ile angeweza kuifungua na kuifunga mara kumi bila kufanikiwa, na kosa lisiwe lake wala la chombo chake. Njia rahisi ya kupambanua ni hii: jaribu tovuti ileile kwa simu inayotumia kampuni nyingine. Ikifunguka, shida iko karibu nawe. Isipofunguka, huenda iko mbali.

SAA YA KOMPYUTA NA VYETI VYA TOVUTI

Tumebakiwa na lile onyo kwamba tovuti si salama. Hili ndilo linalowatisha wengi, na chanzo chake mara nyingi ni kitu kidogo mno: saa.

Kila tovuti iliyo salama huwa na cheti cha utambulisho. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, hukikagua cheti hicho kabla ya kupeleka neno lolote la siri. Hutazama jina lililoandikwa, mamlaka iliyokitoa, na tarehe za kuanza na kwisha. Mkaguzi huyo hana kalenda nyingine isipokuwa saa ya kompyuta yenyewe. Kompyuta ikiamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2016, cheti kilichotolewa mwaka huu kitaonekana kuwa hakijaanza kufanya kazi, na kivinjari kitakikataa. Kivinjari hakijakosea, kimedanganywa na saa.

Uhai wa vyeti hivi ni mfupi. Kuanzia Septemba 2020 vivinjari vikuu vilianza kukataa vyeti vipya vyenye uhai wa zaidi ya siku 398, na muda huo umepangwa kupunguzwa hatua kwa hatua hadi siku 47 mwaka 2029. Kwa hiyo kadiri miaka inavyopita ndivyo kosa dogo la saa litakavyozidi kuleta usumbufu.

Saa ya kompyuta huendeshwaje umeme ukiwa umezimwa? Ndani yake mna kipande cha fuwele ya kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni 2 kwa kipeo cha 15. Sakiti huigawanya kwa 2 mara 15, na matokeo ni mpigo 1 kwa sekunde. Nguvu yake hutoka kwenye betri ndogo ya lithi ya volti 3, aghalabu ile iliyoandikwa CR2032, ambapo 20 ni kipenyo kwa milimeta na 32 ni unene kwa sehemu za kumi za milimeta. Betri hiyo ikifa, saa hurudi kwenye tarehe ya zamani kila umeme unapokatika. Jambo hili hutokea hasa kwa kompyuta zilizokwisha tumika ambazo shule hupewa kama msaada, na tiba yake ni kubadili betri tu.

Kuna sababu ya pili ya onyo lile. Mamlaka za vyeti nazo zina vyeti vyao, ambavyo kompyuta huvihifadhi kama orodha ya wanaoaminika. Orodha hiyo nayo huzeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja kikuu kilichotegemewa na tovuti nyingi sana duniani kilifikia mwisho wake, na kompyuta nyingi za zamani zilizokuwa hazijasasishwa zikashindwa kufungua tovuti hizo ghafla, ingawa saa zao zilikuwa sahihi. Ni vivyo hivyo kwa kompyuta zenye Windows 7, ambayo msaada wake ulikoma Januari 2020, na sasa Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta ambayo haina sifa za kupokea Windows 11, shule yaweza kufikiria kutumia Linux, ambayo haina bei na ina matoleo yanayofaa vyombo vya zamani.

Ni muhimu kusisitiza: onyo la cheti lisipuuzwe kwa kubonyeza "endelea". Huenda sababu ni saa, lakini huenda pia mtu amejiweka katikati ya njia ili asome unachoandika. Rekebisha saa kwanza. Onyo likiendelea, usiandike nywila wala namba yoyote ya siri.

HEWA YA CHUMVI NA UMEME

Mwambao una adui wake wa pekee. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu hufanya majimaji yanayopitisha umeme na kuharakisha kutu ya metali. Ncha za waya wa mtandao zikipata ukoko wa kijani, ukinzani huongezeka na mawasiliano hukatikakatika. Mtumiaji huona programu inasitasita, kumbe kosa ni la plagi. Madirisha ya chumba yanayoelekea baharini yafungwe kompyuta zisipotumika, na vifuniko viondolewe chombo kinapowashwa ili joto lipate kutoka.

Umeme nao ukikatika katikati ya usasishaji, kompyuta yaweza kushindwa kuwaka tena, kwa sababu sehemu ya maagizo ya zamani imekwisha futwa na mapya hayajakamilika. Kompyuta ya mapajani yenye betri iliyojaa ndiyo salama zaidi kwa kazi hiyo. Kwa kompyuta ya mezani, kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dakika chache si anasa.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kutokana na maelezo hayo, shule yaweza kufuata utaratibu huu:

1. Hakikisha tarehe, saa na ukanda wa saa, yaani saa 3 mbele ya wakati wa dunia, kabla ya kuunganisha intaneti.

2. Ijulishe kompyuta kwamba intaneti inayotumika ni ya kulipiwa kwa kipimo. Windows ina mahali pa kuweka alama hiyo, na ikiwekwa, masasisho mengi makubwa husubiri ruhusa.

3. Ondoa programu za majaribio zisizohitajika.

4. Sasisha kompyuta moja kwanza, wakati wa usiku au alfajiri, kisha ziruhusu nyingine zichote kwake kupitia mtandao wa ndani.

5. Pakua programu kutoka kwa watengenezaji wenyewe tu. Programu inayotembezwa kwa diski mweko mkononi mwa watu kumi huja na wageni wasioalikwa.

6. Weka maktaba isiyohitaji intaneti. Kwa programu ya Kiwix, Wikipedia ya Kiswahili yote yaweza kuhifadhiwa ndani ya kompyuta ya shule, na wanafunzi wakaisoma hata kifurushi kikiwa kimekwisha.

7. Andika katika daftari kila kilichofanywa, tarehe yake na matokeo yake. Mwalimu akihamishwa, daftari libaki.

Wengi huongezewa taabu na lugha ya maonyo, ambayo ni ya Kiingereza cha kifundi. Hilo nalo lina dawa iliyokwisha anza kupikwa hapa nyumbani: mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Leo kivinjari kama Chrome kinaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayelielewa onyo hulitafutia sababu. Asiyelielewa hulibonyeza liondoke.

JARIBIO NA MASWALI

Jaribio: Chukua kompyuta moja iliyo sawa. Isogeze mbele tarehe yake kwa miaka 2, kisha fungua tovuti yoyote iliyo salama. Andika maneno ya onyo unaloliona. Rudisha tarehe sahihi na ujaribu tena. Eleza tofauti. Usiandike nywila yoyote wakati wa jaribio.

Swali la 1: Shule ina kompyuta 12, na kila moja inahitaji masasisho ya gigabaiti 3. Kasi ya intaneti ni megabiti 4 kwa sekunde, na ya mtandao wa ndani ni megabiti 100 kwa sekunde. Kokotoa muda unaohitajika endapo kila kompyuta itapokea kutoka nje, kisha endapo moja itapokea na kuwapa wenzake 11 mmoja baada ya mwingine. Chukulia kuwa gigabaiti 1 ni megabaiti 1,000.

Swali la 2: Kama fuwele ya saa ingetetemeka mara 65,536 kwa sekunde, ingelazimu kugawanya kwa 2 mara ngapi ili kupata mpigo 1 kwa sekunde?

Majibu: Swali la 1, saa 20, na saa 2 na dakika 24. Swali la 2, mara 16.